Chupa ya Trésor

Alhamisi. Vumbi limeamka kabla yangu, umeme umekatika tangu alfajiri. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika sitalala.

Natunza chumba cha hadubini cha chuo. Ni chumba kimoja kwa watu wengi: madaktari wa ubongo, watu wa mifugo, wanafunzi wa biolojia, wote wanagombea mashine ile ile na rafu zile zile. Kazi yangu ni kupanga zamu, kufuta lenzi, kuwasha jenereta, na kuchukiwa na kila mtu ambaye zamu yake imeahirishwa. Hayo nimeyazoea.

Ya leo sikuyazoea.

Trésor alikuwa kijana wa mtaa wa Kapata, mchimbaji wa kobalti kule mgodini Mutoshi. Alianza kutetemeka mikono, kisha miguu, mwisho hata kijiko kilimshinda. Alipokufa, mimi ndiye niliyekaa uani kwa mama yake, nikala ugali wake, nikamwomba atuachie ubongo wa mwanawe, tuangalie kama ni vumbi la shimoni lililomfanya vile. Alikubali kwa sharti moja: kazi ikiisha arudishiwe, mtoto wake alale kaburini akiwa mzima. Nilimwahidi.

Wiki iliyopita nilikuwa Lubumbashi kutengenezesha lenzi. Huku nyuma, profesa anayeongoza labo, yaani maabara yetu, alitaka nafasi kwa ajili ya kamera mpya. Chupa zote zenye bongo za wachimbaji zikatolewa kwenye rafu ya chini, zikachomwa pamoja na takataka.

Nimeyajua hayo leo asubuhi, niliporudi kazini. Na Mama Trésor alikuwa njiani, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwita kabla ya kusafiri.

Nilimwendea profesa. Hakukasirika. Alikuwa anakula karanga.

"Mupe ya kondoo," alisema. "Ile ya kufundishia batoto. Nani anajua ubongo wa mutu uko na ukubwa gani? Atazika, atalia, itaisha."

Niliitoa ile ya kondoo. Niliiweka mezani, nikaifuta chupa vizuri kwa kitambaa. Kwa kitambo niliona profesa ana akili kuliko mimi.

Mama Trésor alifika kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria, amevaa kitenge cha kanisani. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe, kingo amezishona mwenyewe. Aliiona chupa kabla hajakaa.

"Ni yeye?"

"Hapana, mama. Ile ni ya kondoo."

Nikamweleza yote. Hakulia. Alikuwa anakunja kona ya kitambaa na kuikunjua.

"Balimuchoma na nini?"

"Na takataka ya labo, mama."

Wakati huo huo profesa akapita, akasimama mlangoni, akampa mkono kwa heshima. "Jambo, mama. Pole sana."

"Aksanti, tata," alijibu, akimwita baba, akapiga goti kidogo, kama kina mama wa kwetu wanavyosalimia wakubwa.

Nilisubiri profesa aende zake. Kisha nikasema, "Ni yeye alitoa amri."

Aliutazama mlango muda mrefu.

"Na mi nimemupigia goti," alisema.

Nilitaka kumpa kitu, chochote. Nikamwambia vimebaki vipande vya ubongo vyembamba kuliko karatasi, vimebandikwa kwenye vioo. Akitaka nitamwonyesha kwenye hadubini. Akitaka, avichukue.

"Nikazike kioo?"

Alikunja kitambaa chake kidogo kidogo mpaka kikaenea kiganjani. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ulikuya kwangu, ulikula bukari yangu," alisema. Sauti yake haikupanda. "Ilikuwa muzuri unidanganye. Ningezika kitu, nilale."

Akaenda.

Profesa alisikia kutoka chumba cha pili. Alikuja baadaye, akairudisha chupa ya kondoo mahali pake, akaniuliza, "Sasa umemusaidia nini?" Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli.

Nimelifikiria swali lake mchana kutwa. Nilisema ukweli kwa ajili ya yule mama, au ili mimi nisibebe uongo peke yangu? Yeye amerudi Kapata mikono mitupu. Mimi nimerudi nyumbani, nimekula, nimeoga.

Na kuna jambo ambalo profesa halitaji. Trésor hakuwa peke yake kwenye rafu ile. Kulikuwa na chupa za watoto wa watu wengine, na huko kwao pia nilikaa uani, nikaahidi. Wazazi bado hawajauliza. Wanangoja niwaite, kwa sababu wananiamini.

Kesho naanza na Tata Ilunga, kule Manika. Alituachia ubongo wa mwanawe wa pekee. Nitamwambia ukweli kama nilivyomwambia Mama Trésor, ila vioo sitavitaja. Na akiniambia heri ningemdanganya, sitajitetea. Nitakaa pale pale mpaka anifukuze.