Mzee Aliyezamisha Soba Yote

Mama Fusae wangu, nakuja kwenye safu yako ya ushauri kuomba msaada, ila ujue kwanza unaandikiwa na nani: mji mzima wa Matsumoto hakuna mdomo unaoijua soba, tambi zetu za Kijapani, kama huu wangu, nikiingia mgahawani wapishi wanakanda unga upya, na nikifumba macho nakwambia maji ya kuchemshia yametoka kisima gani. Shule niliiacha mapema, haikuwa na jipya la kunifundisha.

Sasa kuna binti anaitwa Chinami, tunapendana, na Jumapili akanipeleka kula na babu yake, mzee Genzo, ili mzee anikubali, kwa kuwa ndiye aliyemlea na bila neno lake hakuna ndoa, na mzee akachagua mgahawa ule wa zamani nyuma ya ngome, wenye miaka zaidi ya mia na hamsini na mlango mfupi nusura unipasue paji la uso, wahudumu wote bibi vizee wanaotembea kama wamebeba mayai, nami nikasema moyoni, haya, leo watamwona mwanamume.

Soba baridi ikaja kwenye sinia za mianzi, kila mtu na kikombe chake cha mchuzi, na mwenye akili anajua unachovya ncha tu, kisha unavuta kwa kelele, harufu ya soba ikupande puani. Mimi nilivuta mpaka meza ya pili wakageuka. Mzee je? Mama, alizamisha fungu zima! Akalizungusha mle kama anafua soksi. Ningenyamazaje?

"Babu," nikamwambia, "unakula soba au unakunywa mchuzi? Si bora wakuletee kamba za viatu, utajua tofauti?"

Jamaa wa meza ya jirani akacheka, nami nikapata moto. "Miaka themanini mjini hapa, bado unachovya kama mtalii!"

Chinami akanikanyaga mguu. "Ryuhei, nyamaza."

"Niache nimfundishe, ni kwa faida yake."

Mzee akaweka vijiti chini. "Kijana anasema kweli. Chinami, twende nyumbani."

"Babu, hujamaliza."

"Nimeshiba."

Nusu ya soba ikabaki kwenye sinia. Tangu hapo Chinami hapokei simu, kaniandikia mara moja tu kwamba babu hataki tena kula mbele za watu. Sasa mimi kosa langu nini? Kanuni ya soba niliitunga mimi?

Haya, basi. Mzee alipata kiharusi wakati wa baridi, ulimi wake hauonji tena kitu, ni chumvi ya mchuzi mwingi tu anayoisikia kwa mbali, na ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu augue. Hayo kayarudia Chinami kwenye ujumbe wake, maana aliniambia yote tukiwa njiani. Sikusikia. Nilikuwa namweleza jinsi ya kula soba.

Ryuhei

*

Ryuhei,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Kisima cha maji unakijua, mtu aliyekaa mbele yako humjui! Watu huchovya ncha ili wapate utamu. Mzee Genzo alikuwa akiutafuta wake mahali pekee ulipobaki, na wewe ukamchekesha jirani kwa aibu ya mgonjwa. Hongera, bingwa wa kuvuta tambi.

Ile mistari yako ya mwisho ndiyo pekee uliyoiandika kama mtu mzima. Najua iliuma. Kwa ajili yake tu nakujibu.

Acha kumpigia simu Chinami. Nenda kwa mzee, asubuhi, bila zawadi. Piga magoti mlangoni, useme, "Babu, niliambiwa, sikusikiliza." Usiongeze neno, na habari za soba zisikutoke kabisa. Akikufukuza, ondoka kimya, wiki ijayo urudi. Akikukaribisha, mwombe mrudi mgahawa uleule, mchana, watu wakiwa wamejaa, aagize yeye, achovye atakavyo, na atakayecheka umkazie macho mpaka ainame kwenye sinia yake.

Ndoa usiitaje. Huenda Chinami asikurudie, na sitamlaumu. Mzee lazima arudi mezani hata kama binti harudi kwako, maana wewe ndiye uliyemwondoa hapo.

Mama Fusae