Feni Iliyokaa Kimya

Jumatatu, 3 Machi

Nimemkosea shemeji yangu. Naandika hivyo kwanza, kabla sijapata la kujitetea.

Asubuhi kinyozi wa hapo jirani aliingia dukani kakumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mgonjwa. Inanuka. Plastiki iliyoungua — harufu hiyo fundi yeyote anaijua. Anasema wateja walikuwa wanacheza gemu la zamani la magari huku wakisubiri zamu. Mara skrini ikapiga mistari, mara giza, mara moshi. Mteja mmoja kakimbia na povu shavuni, kanyolewa nusu! Dukani wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Bosi akauliza, nani aliishika hii mashine wiki iliyopita? Karatasi ya kazi haina sahihi. Mimi huwa nasaini zote kwa pamoja mwisho wa wiki, na safari hii nilisahau.

Nikasema, "Msumari."

Neno moja. Lilitoka lenyewe — hapana. Nililitoa mimi.

Msumari ni mume wa mdogo wangu. Mwembamba, ndiyo maana tunamwita hivyo. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini. Leo hakuwepo, alimpeleka mama yake kliniki. Bosi kamfukuza kwenye simu, spika wazi, wote tunasikia. Msumari hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu, nani kasema ni mimi? Bosi akamjibu, muulize shemeji yako.

Simu ikakatika. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumanne, 4 Machi

Niandike nilichofanya hasa, maana nikikiacha kichwani kinazidi kuwa kidogo.

Gemu za zamani zinasumbua kwenye kompyuta yenye mfumo mpya. Picha inakatika, sauti inakwaruza. Dawa ni kuapdeti draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha na ya sauti. Lakini kwanza unafungua ubavu wa mashine, unasoma namba iliyo kwenye kadi yenyewe, siyo stika ya nje. Draiva ya zamani unaiwekea akiba. Ukishaweka mpya, unaacha gemu lizunguke saa nzima, mkono uko karibu na kadi, sikio kwenye feni. Hayo nilimfundisha Msumari mimi mwenyewe. Anayafuata kama sala.

Mimi wiki ile nilikuwa na haraka zangu. Nikaokota kwenye intaneti draiva iliyochokonolewa na watu nisiowajua, eti inafufua kila gemu la zamani. Nikaitia kwenye flashi yangu, ile nyekundu. Nikaiweka kwenye mashine tatu, kwa kusoma stika tu. Akiba sikuweka. Gari la kwenye gemu likanguruma, sauti safi, picha inateleza. Nikajisifu! Dakika tano, nikafunga ubavu.

Leo bosi alipotoka nimeijaribu kwenye kadi kuukuu ya dukani. Picha nzuri. Sauti nzuri. Feni haizunguki. Draiva ile inaizima feni, kadi inajipika yenyewe kimyakimya. Nilipoigusa nikaunguza kidole.

Mashine tatu. Ya kinyozi. Ya dada mshonaji wa mtaa wa nyuma, ambaye hata namba yake ya simu sina — ni wa kumfuata. Na ya tatu nilimpa mdogo wangu, zawadi. Iko chumbani kwao, kwenye meza iliyogusana na pazia.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia mdogo wangu. Nikamwambia izimeni ile kompyuta.

"Kwa nini, kaka?"

Basi tu, izimeni.

Akacheka, lakini si kwa furaha. Anasema mumewe anashinda hapo kutwa, anaandika barua za kuomba kazi, na akichoka anacheza lile gemu lako la magari. Kazi umeona alivyoipoteza, sasa na hiyo tuizime?

Halafu akaniongezea, tena mashine yenyewe nzuri kaka, haina makelele, hata feni haisikiki.

Akakata.

Kwa mshonaji sikwenda. Nilisema kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Jana pia nilisema kesho.

Leo mshonaji amekuja mwenyewe. Ile ile harufu. Alikuwa ametandika gauni la mteja juu ya kompyuta, akiwafungulia watoto gemu wamwache ashone. Gauni lina tundu la kahawia, pembeni limejikunja. Kalitandaza kwenye kaunta, mbele ya bosi. Halafu akasema, hapo alipokuwa amekaa mwanangu, ni hatua moja kutoka kwenye mashine.

Bosi akapiga kaunta. "Huyu Msumari hata akiwa hayupo anatuunguzia!"

Wenzangu wawili wakacheka. Mmoja kasema huyo si msumari tena, ni kiberiti. Bosi akanigeukia, wewe mtu mzima, kazi za shemeji yako ulikuwa huzikagui? Nikasema nitakuwa makini zaidi. Makini! Mdomo huu. Akaapa, ikitokea ya tatu anampeleka polisi.

Nina miaka hamsini na moja. Sijui kazi nyingine. Hiyo ndiyo sababu yangu yote, na nikiisoma hapa naona ilivyo nyembamba.

Nilipotoka kazini nikaenda kwao. Nikafika mpaka mlangoni, mkono nimeshauinua nibishe. Ndani gari linanguruma. Sauti safi, haikwaruzi hata kidogo — kazi yangu hiyo. Nikasikia mtoto anacheka.

Nikageuka. Nimeondoka mlangoni kwa mdogo wangu kama mwizi.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kashinda kwa wifi yake leo. Karudi na maswali.

Anasema, mbona shemeji amekuwa wa ajabu? Kompyuta kaifungua ubavu. Meza kaivuta mbali na pazia. Kachukua feni ya mezani, kaielekeza mle ndani, inapuliza kutwa. Yeye kakaa kando, mkono karibu na kadi, kama anampima mtoto homa. Watoto kawahamishia sebuleni. Mke wangu akamtania, shemeji, na kompyuta nayo inasikia joto?

Msumari akamjibu, "Aliyeiweka draiva anajua."

Halafu wakati anaaga, akamwambia, "Mwambie mzee hii feni ni ya mama mkwe wetu. Anaitaka Jumatatu."

Mama mkwe wao wawili ni mama yangu mimi.

Anajua. Angeweza kuitoa ile draiva kwa dakika kumi, hajaitoa. Kaiacha kama ilivyo, na tarehe yake, na jina la flashi yangu nyekundu ambalo mle ndani linasomeka. Siku tano hajanipigia, hajanitukana, hata mkewe hajamwambia kitu. Anaipuliza tu isiungue, na ananingoja.

Nimempigia. Kapokea. Nasikia gari, na nyuma yake feni inapuliza. Nikamwambia ni mimi. Zote tatu ni mimi. Nikamwambia nakuja kesho.

"Kesho usije," akasema. "Njoo siku ya kazi."

Nikasema basi Jumatatu saa mbili, bosi akifungua, tukutane dukani.

"Feni nairudisha kwa mama saa moja, shemeji."

Akakata.

Basi Jumatatu tarehe kumi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla feni haijaondoka, nitakuwa mlangoni kwake, na safari hii nitabisha. Kompyuta nitaibeba mimi, yeye atembee mikono mitupu. Kinyozi na mshonaji nitawapitia kesho niwaombe waje. Nitaichomeka juu ya kaunta mbele ya bosi, ubavu wazi, niwashe lile gemu, wote waione feni imesimama. Niseme jina langu pale niliposema la Msumari. Polisi aitwe kama ni wa kuitwa.

Mke wangu amesimama mlangoni. Anauliza hiyo feni ina nini. Namaliza mstari huu, nimpe daftari asome.