Nimero ya Faida ku Mukono ya Mutoto

Siku ya ine ya juma, Kabambare. Ukungu umeikalia nyumba tangu alfajiri, na saa hizi jua liko juu kabisa, lakini sioni hata jiko langu la nje. Kuku hawajatoka. Wamesimama mu mulango wananiangalia kama vile ni mimi nimefunga dunia.

Naandika na kidole kimoja. Sifa, mujukuu wangu, ndiye alinifungulia huu ukurasa mu telefone, akasema: koko, andika namna ya kupika sombe, majani yetu ya mihogo, watu watasoma. Watu wapike sombe na akili yao. Mimi leo niko na neno lingine, na nisipoliweka hapa litanilalia ku kifua.

Nilificha kitu. Siku nane nilikificha, na mutoto karibu afe.

Nianze na nimero.

H4K9TW. Siangalii popote nikiiandika. Masomo yangu yaliishia darasa ya pili, nasoma polepole kama mutu anatoa miiba ya samaki, lakini hizo alama sita nazijua kuliko jina langu. Ni nimero ya hospitali ya Faida, binti yangu wa kwanza, mwenye alikufa kule Salamabila, mu maternite, akizaa. Masika mbili zimepita. Hata leo watu wananiita Mama Faida. Naitika.

Ile siku nilipofika kuchukua maiti, wafu walikuwa wawili, na wote wawili waliitwa Faida. Salamabila ni kwa zahabu, watu wametoka kila upande, hakuna mwenye anajua huyu ni wa nani. Mutu wa zamu alinifunulia kitambaa cha kwanza: mwanamuke wa watu. Nilipiga kelele, tena si ya kilio, ya hasira. Ndipo akasoma karatasi yenye ilifungwa ku mukono ya yule mwingine, akaiweka kando ya karatasi yangu, ile Faida alinitumia alipoandikwa. H4K9TW. Ndivyo nilimupata mutoto wangu. Jina lilinidanganya, nimero haikunidanganya.

Tulimuleta ku pikipiki, siku mbili mu matope. Nilimuzika hapa nyuma, karibu na michikichi yetu, na nikamuambia seremala achome ile nimero na musumari wa moto ku musalaba, chini ya jina. Pasta alikasirika. Aliniuliza kama mbinguni Mungu anaita watu na nimero.

Nilimujibu: «Baba, hata huko Faida watakuwa wengi.»

Sasa, hizo nimero ni kazi ya Sifa. Alisomea mambo ya mashini kule Kasongo, akatengenezea maternite za huku programu ya kutunza fishi, habari za kila mugonjwa. Mashini moja iko hapa Kabambare, moja Salamabila, moja Lusangi. Hazisemezani, juu mutandao wa huku unakuja na kuondoka kama muke mwenye ugomvi. Kila juma mutu wa pikipiki anabeba fishi mu kidude kidogo kama kidole, anazileta hapa, na mashini inaziunganisha.

Kwanza alihesabu tu: moja, mbili, tatu. Wanawake wa Salamabila ni werevu kuliko shule yake. Walifikiri: kama mimi ni arobaini, basi yule mupinzani wangu mwenye alikuwa nyuma yangu ku mustari ni arobaini na moja. Wakaenda ku dirisha wakajifanya ndio yeye, wakasomewa ugonjwa wa mwenzao. Walivutana nywele hadharani. Ndipo Sifa akafanya nimero ziruke bila utaratibu, mutu asiweze kubahatisha ya jirani, na ziwe fupi, alama sita tu, mwanamuke mwenye uchungu wa kuzaa aweze kuishika mu kichwa. Mimi ndiye nilimuambia aondoe ile O na ile sifuri, juu macho ya wazee hayazitenganishi. Aliziondoa. Hiyo ni akili yangu, iandikwe.

Nilijisifu nayo mu soko yote.

Siku ya kwanza ya juma iliyopita, asubuhi, Mapendo alizaa hapa Kabambare. Mapendo ndiye kitinda mimba wangu, mudogo wake Faida. Mutoto mwanamuke, sauti kubwa. Alikuwa wa kwanza kuandikwa ile asubuhi, mashini ndiyo kwanza imefunguliwa. Muganga Tomasi aliuliza jina. Nilimuambia aache wazi. Kwetu mutoto hana jina mpaka kitovu kianguke, na muganga wa huku anajua.

Majirani walishaanza kunong'ona: mupe Faida, mupe jina la mama yake mukubwa. Nilikataa mbele ya wote. Jina la mutu mwenye matanga yake hayajatolewa halipewi mutoto. Mwenyewe bado analitumia.

Na kama matanga hayajatolewa, ni nani amezuia? Ni mimi. Mara mihogo haijakauka, mara mvua, mara mugongo. Sikutaka. Niseme hivyo, basi.

Tomasi akamufunga mutoto karatasi ku mukono. Nilimubeba, nikaugeuza ule mukono mudogo ili nione nimero yake.

H4K9TW.

Niliishusha nguo ya mutoto nikafunika. Mapendo alikuwa anacheka, amechoka, hajaona kitu. Nilipofika nyumbani nilijifanya naenda kukata majani ya ndizi. Nilienda ku kaburi na karatasi ya mutoto, yenye Tomasi alinipa. Kulikuwa ukungu kama wa leo. Niliweka kidole ku herufi ya musalaba, kisha ku herufi ya karatasi, moja moja. H. Ine. K. Nilipofika ku ya mwisho, niliona majani ku kaburi yamelala upande mumoja, kama mutu alikaa pale na kusimama. Mbuzi, nilijiambia. Lakini sikuona mbuzi, na sikusikia hata ndege moja.

Sikusema kwa mutu. Nilikuwa nimekataa jina, na Faida alipitia mulango mwingine. Ndivyo nilifikiri. Mucheke kama munataka kucheka.

Siku ya Mungu, watu wako mu kanisa, mimi niko na mutoto nyumbani. Telefone ikalia. Ile mashini ya Tomasi iko na kadi ya telefone ndani, inatuma ujumbe yenyewe, na ku fishi ya mutoto waliandika telefone yangu. Nilisoma neno moja moja: «FAIDA, H4K9TW, unangojewa ku maternite kwa kipimo.»

Nilikaa chini ku mukeka.

Na sasa niandike kitu chenye sijamuambia hata Mapendo. Nilijibu. Kidole changu kiliandika: «Niko nakuja, mutoto wangu.» Nikatuma.

Siku ya pili ya juma hii mutoto aliamka na moto mwilini. Saa sita hakulia tena. Midomo ilikuwa kama majivu, mukono ndani mweupe. Tulikimbia ku maternite, Mapendo anakimbia na kitambaa kikianguka. Tomasi alimuangalia jicho, akasema: malaria, damu imeisha, aongezewe sasa hivi. Dawa ya kupimia aina ya damu ilibaki matone machache tu mu chupa, alikuwa anaitunza kwa wenye hawana fishi. Huyu fishi yake iko. Alifungua mashini, akasoma kwa sauti.

«Faida. Damu ni aina A.»

Mapendo aliacha kulia. Jirani yetu mwalimu, mwenye damu yake ni hiyo A, alishakaa ku kiti, mukono umefungwa kamba, chupa ya kupokea damu iko tayari chini. Mwanamuke mumoja nyuma alisema polepole, «Nilijua amerudi.» Hata mimi nilisikia nywele zangu zikisimama.

Niliangalia mutoto. Kisha nikamuuliza Tomasi: «Soma chini. Hiyo fishi inasema nini tena?»

«Mama Faida, hakuna wakati.»

«Soma, nasema!»

Akasoma. Kilo hamsini na nane. Amezaa mara mbili.

«Mutoto wa siku nane amezaa mara mbili?» nilimuambia. «Hiyo ni fishi ya maiti, Tomasi. Ni ya binti yangu. Iko ku musalaba, nenda uone. Nimejua tangu siku ya kwanza. Pima damu ya huyu, na matone yako, na kama hayatoshi utapimia machozi yangu. Mwalimu, fungua mukono.»

Tomasi hakugombana. Alipima. Mutoto ni O.

Baadaye, tumetulia, alinieleza kwamba ile A ingemuua mbele ya macho yetu. Baba yake mutoto ni O kama Mapendo; alikimbia kutoka shamba na jembe mu mukono, akatoa damu akiwa na udongo mu magoti. Jioni mutoto alinyonya. Alinyonya kwa nguvu, na alinikunjia sura. Nilifurahi na ile sura mbaya.

Mapendo hakunitukana. Aliniangalia tu, akasema: «Siku nane, mama?» Ingekuwa afadhali anitukane.

Jana Sifa alifika kutoka Kasongo, matope mpaka ku kope. Sikumupa hata maji kwanza. Nilimuambia: «Wewe uliyesema nimero zinatosha Kongo muzima, umewapa watu wangapi nimero moja?»

Alifungua mashini akakaa nayo muda mrefu. Kisha akanieleza, na nitaandika vile nilielewa. Mashini yake haina saa yenye kukumbuka. Ukiondoa betri, saa inakufa. Ukiirudisha, inaamka ikifikiri ni ile siku yake ya kwanza. Na Sifa alikuwa ameiambia kila inapoamka ianzie ku saa, ndipo ichague herufi. Basi saa ni ile ile, mwanzo ni ule ule, herufi ni zile zile. Kama mutu mwenye anatupa mbegu kumi kwa mukono ule ule, mahali pale pale, bila upepo: zitaanguka vilevile.

Hapa betri iliondolewa ile siku ya Mungu kabla ya mutoto kuzaliwa. Tomasi aliiazima kwaya kwa kinanda chao. Kule Salamabila, asubuhi ya Faida, vilevile ilikuwa imetolewa. Kila mashini inaangalia isirudie nimero yenye imetoa yenyewe, lakini haiangalii zenye zimetoka kwa mwenzake. Faida alikuwa wa kwanza asubuhi yake. Mutoto alikuwa wa kwanza asubuhi yake. Zilipokutana hapa, mashini iliona nimero moja, ikasema ni mutu mumoja. Na juu tuliacha jina la mutoto wazi, kama desturi inavyotaka, ilikuta nafasi tupu, ikaweka Faida.

Mimi nilikatalia watu jina, na mashini ikalitoa.

«Na kufa?» nilimuuliza. «Faida alikufa. Kwa nini fishi yake ilikuwa hai?»

Sifa aliinamisha kichwa. Alikuwa amesahau. Aliweka nafasi ya kilo, ya damu, ya chanjo, ya mimba. Nafasi ya kufa hakuiweka.

«Mutoto wa mwanangu,» nilimuambia, «ni nani amekulea, wewe ukifikiri watu wanaandikwa tu na hawafutwi?»

Alilia. Nilimupa sombe.

Usiku hakulala, ameitengeneza. Sasa mashini haiulizi saa tena. Inachota mu kelele iliyo ndani yake yenyewe, kelele yenye haijirudii, hata Sifa mwenyewe hawezi kuibahatisha. Kila mahali pameongezwa herufi yake mbele, K ya hapa, S ya Salamabila, L ya Lusangi. Nimero ni ndefu kidogo sasa, wanawake watavumilia. Nimero mbili zikifanana, mashini isiunganishe, isimame iite mutu. Na kufa kumepewa nafasi yake. Faida amewekwa mule. Nilikaa kando ya Sifa alipoandika.

Kuko mwingine. Kule Lusangi, mwanamuke muzima, analima, yuko na H4K9TW ku fishi yake. Hajui kitu. Sifa ameondoka asubuhi hii mu ukungu kumutafuta, na mimi nimeweka masikio ku barabara tangu atoke.

Mapendo ameniuliza jina. Kitovu kimeanguka jana. Nimemuambia amupe Rehema, na mutoto amesajiliwa upya na nimero yake mwenyewe, sitaiandika hapa. Nimefunzwa.

Lakini kabla Sifa hajapanda pikipiki, nilimuuliza kama kwa muchezo: mutu akijibu ule ujumbe wa mashini, nani anasoma? Alicheka. Hakuna, koko. Ile mashini inatuma tu, haipokei, hakuna mutu kule, jibu haliwezi kufika.

Nimefungua telefone sasa. Chini ya maneno yangu, «Niko nakuja, mutoto wangu», imeandikwa kwamba yamefika.

Yamefika wapi?

Siku ya Mungu nitatoa matanga. Nimeshawaambia wote, hata pasta, na mihogo iko. Nitaenda na jembe, nitasafisha kaburi, nitayainua yale majani yenye kulala. Na nitamuambia mwenyewe, kwa mudomo, si kwa telefone: Faida, nilikuambia niko nakuja. Ni kweli, sitakudanganya. Lakini ngoja kwanza. Niko na mutoto ku mugongo.