Malkia wa Mlima Ameshuka kwa Gari

Hvammur, mwisho wa Septemba

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naamini barua hii inakukuta mzima, umekaa dirishani na kahawa yako, na mgongo umekupa nafasi ya kupumua kidogo. Sisi huku hatujambo. Kondoo wameshuka karibu wote, theluji ya kwanza imetua kwenye vilele, na mbwa amepona mguu, anabweka kila gari linalopita kana kwamba tumemwajiri. Najua ungependa kunisikia kwenye simu kuliko kuhangaika na mwandiko wangu. Lakini wewe kwenye simu ukisikia neno "daktari" laini yako hukatika ghafla, na hiyo laini nimeshaichunguza, haina ubovu wowote. Kwa hiyo leo utanisoma mpaka mwisho.

Nianze na lililo zito ili usisome roho ikiwa juu. Hallbera, kiongozi wetu wa kushusha kondoo, nusura afe mlimani mwaka huu. Hakufa. Yuko hospitalini, anakunywa uji, anagombana na wauguzi kwa sababu wanamfunika blanketi zito. Bila shaka huko kwenye bwawa la maji moto wazee wenzako wameshakupa habari yao, kwamba Malkia wa Mlima ameshuka kwa gari na kuwaacha kondoo. Ni kweli ameshuka kwa gari. Mimi nilikuwepo, na nataka uisikie kwangu, kwa sababu sijapata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mama siku ile.

Tulipanda kuwakusanya kondoo kama miaka yote, farasi wa akiba wakitangulia, mvua ya barafu ikitupiga usoni. Hallbera nilimwona tangu tunaondoka. Alitafuta jiwe la kukanyagia ndipo apande farasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akajidai anakaza mkanda wa tandiko ili tusimtazame. Nyonga ilikuwa inamla. Ketill, na mdomo wake unaujua, akamuuliza kama siku hizi malkia anahitaji ngazi. Akajibiwa kwamba ngazi ipo, ila imewekwa ya kumshushia yeye Ketill akishalewa. Tukacheka, safari ikaanza.

Na vidonge vikaanza kuzunguka. Hilo wewe unalijua kuliko mimi, maana ulipokuwa Mfalme wa Mlima ndiwe uliyetuzoesha. Mlimani hatuulizani habari za maumivu. Mtu akionekana amekunja uso, mwenzake anampa kidonge kutoka mfuko wa koti, pamoja na ugoro, na farasi hawasimami. Hakuna anayeuliza kidonge kinaitwaje. Hallbera alipokea cha kila aliyempa, na vyake alikuwa navyo, na aspirini yake ndogo ya moyo humeza kila asubuhi. Vyote hivyo alivisukuma kwa kahawa kali kwenye tumbo tupu, kwa sababu kiongozi hula wa mwisho, na mara nyingi chakula huwa kimekwisha.

Siku ya pili alikuwa amepauka. Jasho lilimtoka na baridi ile ile iliyokuwa inatukata vidole. Nikamsogelea na farasi wangu, nikamuuliza kama yuko sawa, akaniambia niangalie kondoo wa upande wa mchangani, yeye haliwi na mbweha. Basi. Neno la kiongozi mlimani halijibiwi, na mimi nimelelewa na kiongozi. Angesema twende mpaka mwisho wa dunia tungekwenda, naye mbele yetu, mpaka aanguke. Nilirudi kwa kondoo wangu nikiwa na hofu, Baba. Niliogopa kweli kweli, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Tulifika kibandani tunapolala mchana ukianza kupoa. Supu ya kondoo ilikuwa jikoni, soksi zetu zimeshaanikwa kila mahali. Hallbera alikwenda chooni nyuma ya kibanda, akakawia. Aliporudi alisimama mlangoni ameshika mhimili, akatuomba tuweke vijiko chini.

Akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kutuambia hali ya mto, kwamba choo chake ni cheusi kama lami na kinanata, na kimekuwa hivyo tangu jana yake. Kichwa kinazunguka, na hapa chini ya kifua panawaka moto. "Nadhani navuja damu tumboni," akasema, "na nadhani ni hivi vidonge. Kila mtu atoe vyake aviweke mezani."

Hakuna aliyesogea. Unawajua watu wetu, mtu atakueleza habari za ng'ombe wake mpaka utumbo wa ndani, lakini yake mwenyewe haisemi hata kwa mkewe. Ísleifur, mwenzetu wa msafara, alikuwa anaitazama supu kana kwamba imeandikwa kitu. Ketill ndiye aliyejaribu mzaha, akasema tangu azaliwe hajasikia kinyesi kikitangazwa mezani. Hallbera akamwambia, "Basi leo umesikia. Ukimaliza kucheka, mwaga mfuko wako."

Akaumwaga. Na sisi tukafuata. Meza ilijaa, Baba, ungedhani tumefungua duka: chupa, karatasi zilizokunjwa, vidonge vyekundu, vyeupe, vya waridi, vingine vimeshikana na vumbi la ugoro. Kisha akamwamuru Ísleifur aite daktari kwa redio ya upepo.

Daktari wa zamu kule kituo cha afya ni mama kijana, na maswali yake hayana soni. Hallbera angeweza kuichukua redio akaenda nayo pembeni. Hakwenda. Alijibu yote pale mezani, umri, moyo, choo, kileo alichokunywa usiku wa kwanza, ili sote tusikie. Daktari akatutaka tusome maandishi madogo kwenye kila pakiti. Ndipo tulipogundua kwamba majina yalikuwa mengi lakini dawa ni zile zile. Ketill alikuwa anameza kidonge cheupe kwa ajili ya goti na cha waridi kwa ajili ya kichwa, vyote ibuprofeni, kwa pamoja, mwaka mzima. Akanyamaza. Ketill kunyamaza ni habari ya kuandikiwa barua yake peke yake.

Daktari hakutugombeza. Alisema dawa hizi si sumu, na yeye mwenyewe humeza akiumwa mgongo. Ila ibuprofeni, naproxen na aspirini ni ndugu wa tumbo moja, zinapunguza uvimbe na maumivu, lakini zinavua ngozi inayolinda tumbo, na figo nazo zinataabika. Mtu achague moja tu, kiasi kidogo kinachomtosha, ale kwanza, anywe maji, na siku chache zikipita aache. Mwenye moyo, presha, figo au vidonda vya tumbo aulize kabla hajameza. Hallbera alikuwa na aspirini, akaongeza ibuprofeni, juu yake akaweka naproxen kali ya kuandikiwa na daktari. Akaulizwa hiyo kali kaitoa wapi. Akasema kaipata kwa rafiki, na jina la rafiki halimtibu mtu.

Kisha Hallbera akauliza swali moja tu, kama anaweza kuteremka na kundi asubuhi. Daktari akasema hapana, wala asipande farasi hata wa kumfikisha mtoni.

Tulimtazama sote. Katika bonde letu hakuna aliyepata kumwona kiongozi akiwaacha kondoo nusu ya njia. Wewe uliteremka na ubavu uliovunjika, tukaisimulia habari hiyo miaka na miaka kama jambo la sifa. Na yeye aliisikia kila mara, kwa sababu ndiye aliyekufuata kwenye kiti. Nilimwona anatazama dirishani, kondoo wametapakaa kwenye majani yaliyogeuka rangi, wengine anawajua kwa mama zao na bibi zao. Moyoni nilikuwa nasema atakataa, sasa atakataa, na mimi nitafanya nini.

Akamgeukia Ísleifur akamwambia kundi ni lake. Akampa habari za mto, za yule farasi anayeogopa daraja, za kondoo mwenye doa jeusi anayependa kuwapoteza wenzake. Akajilaza kwenye benchi akakunja mikono kifuani.

Waokoaji wa kujitolea, walioitwa na daktari, walivuka mto na lile gari lao la magurudumu makubwa. Nilidhani machela ataikataa. Hakuikataa. Alifungwa mikanda kama mzigo mbele ya watu aliowaamuru maisha yake yote, na alipopita karibu na Ketill akamwambia aache kulia, anatia chumvi kwenye supu. Mimi nilipanda nikakaa kando yake. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama kondoo wa upande wa mchangani niliwahesabu.

Hospitalini walimwingiza mpira wenye kamera wakakuta kidonda kinachovuja, wakakiziba huko huko ndani, wakamwongezea damu. Daktari wa pale aliniambia kwamba angepanda farasi asubuhi ile, sisi tungemshusha amelazwa juu ya tandiko. Sasa anapewa dawa ya kulinda tumbo, na nyonga inatulizwa kwa parasetamoli peke yake, nayo kwa kipimo alichoandikiwa. Anasema haimtoshi. Lakini amejiandikisha abadilishiwe nyonga, jambo alilolikimbia tangu Mama yu hai.

Niliwahi kurudi kwenye zizi la kugawana kondoo, kila mwenye wake achukue, na huko yalisemwa mengi. Jamaa mmoja wa bonde la jirani alipiga kelele kwamba siku hizi malkia wanapanda magari. Ketill akamwendea, nikadhani zitapigwa. Akamwambia taratibu kwamba yule kashuka kwa gari akiwa hai, wewe sijui utashuka na nini, hebu nionyeshe mfuko wako wa koti. Jamaa akaonyesha. Tangu siku hiyo watu wa kwetu wanapeleka vidonge vyao kuulizia duka la dawa, wamevitia kwenye mifuko ya plastiki kama mayai, na hakuna anayecheka. Ameyafanya hayo mtu mmoja aliyekubali kutaja choo chake wakati wa chakula. Mimi najiuliza kama ningeweza, na jibu silipendi.

Sasa Baba, kaa vizuri.

Jumapili nilikwenda kumtazama, tukawa peke yetu. Nikamwambia ajitahidi kumkumbuka huyo rafiki, maana mtu anayegawa dawa kali namna ile anaweza kumuua mwingine. Akasema hana haja ya kujitahidi, na kwamba amenyamaza mbele ya wanaume wote wale kwa sababu bado wanalitaja jina hilo kwa kuvua kofia.

Vilikuwa vyako, Baba.

Ameniambia yote. Ulikuja kututembelea wakati kondoo wanazaa, ukamwona anapanda ngazi za zizi kwa ubavu, hukusema neno, ukatoa chupa yako mfukoni ukammiminia nusu kiganjani. Alisema katika maisha yake hajapewa zawadi kama ile, kwa sababu alijua mgongo wako, na alijua umempa nusu ya usingizi wako. Alisema hivyo huku ameugeukia ukuta, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Sikuandikii kukulaumu, na yeye hakulaumu hata kidogo. Kinachomnyima raha ni nusu iliyobaki kwenye chupa. Nilimuuliza daktari pale, bila kukutaja, habari za mzee anayemeza vidonge hivyo kila siku pamoja na vidonge vya presha na kile kinachomwendesha chooni kukojoa. Aliacha kuandika akaniuliza mzee huyo yuko wapi. Alisema figo zinaweza kukauka bila kuuma hata kidogo. Mimi nimeona soksi zinavyokuachia alama kwenye miguu iliyovimba, na nimekuona unavyoishika meza unapoinuka ukidhani nimegeuka. Mama tumemzika. Wewe sitaki kukuzika kwa ajili ya ukaidi.

Tafadhali usimeze tena hata kimoja cha chupa hiyo. Vya presha usiviache, endelea navyo kama kawaida mpaka daktari wako aseme. Chupa usiitupe, tutaipeleka duka la dawa.

Hallbera anaruhusiwa kutoka Alhamisi. Nilimwambia nitampeleka kwake, akakataa, akasema nimpeleke mlangoni kwako. Anataka mwende kwa daktari wako pamoja. Swali lile alilolikataa kwenye redio bado hajalijibu kwa daktari yeyote, na anasema atalijibu huko, jina lako atalitaja ukiwa umekaa kando yake, asikutaje mgongoni mwako. Na ukiona haya kueleza ya kwako, yeye ataanza na ya kwake, maana ameshazoea.

Wasalimie wazee wa bwawani wote, na jirani yako wa juu anayepiga kinanda vibaya. Watoto wanakubusu. Farasi wako mzee ananenepa, anakungoja kwenye uzio wa barabarani.

Alhamisi ukisikia hodi, fungua, Baba.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Oddný