Nyoka Chini ya Karai

Kwako Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumai barua hii itakukuta umeketi barazani u mzima, na goti limekupunguzia maumivu. Mimi huku Garissa sijambo, alhamdulillahi. Kuchelewa kuandika si kukusahau. Malori hayaendi ila kwa msafara wenye askari, na msafara wenyewe husubiriwa mpaka mtu akachoka.

Najua habari za redioni zinakutia wasiwasi. Vita na mashifta bado vipo, ila kwetu penye pampu za maji kazi inaendelea. Shida ni jioni. Jua likishazama hakuna ruhusa ya kutoka; anayeonekana barabarani anaweza kupigwa risasi, na hospitali iko ng'ambo ya kizuizi cha askari.

Jirani yangu ni Amina, mama wa Kisomali, na bintiye Shukri, ambaye ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Mumewe alikwenda na ngamia upande wa Wajir kabla njia hazijafungwa, na askari wanadhani yuko msituni na mashifta. Kwa hiyo Amina hakuwa na mazoea nami, mtu wa serikali. Nilipomsalimu, alikuwa akinijibu nyuma ya mlango.

Alhamisi iliyopita, jua likikaribia kutua, Shukri alikuja kuokota vijiti karibu na kuni zangu. Nikamsikia akilia "hooyo", ndiyo mama kwa lugha yao. Nilipotoka nikamkuta ameshika kidole, na nyoka mfupi, mnene, mwenye mabaka ya kahawia, anajifukia mchangani. Nikamfunika kwa karai na kuweka jiwe juu. Moyoni nikasema huyu ni bafe, na mtoto mdogo vile akiumwa na bafe ni wa kukimbizwa hospitali.

Amina akaja mbio. Nikamwambia nitambeba mtoto mimi, kwani askari wa kizuizini wananijua. Akasimama kwenye lango langu asinipishe.

"Walaal," akaniambia, yaani ndugu yangu, "giza ikiingia hawaangalii sura. Kwanza tuone nyoka."

Tukainua karai kwa fimbo. Bafe wa kwetu unamjua, Mama, kichwa kipana na shingo nyembamba. Huyu kichwa na shingo vilikuwa sawasawa, macho madogo kama ufuta, mkia butu.

"Hii haina sumu," Amina akasema, maana yeye "pa" huitamka "ba". "Inakaa ndani ya mchanga, inakula banya. Kichwa yake si bana."

Kidole cha mtoto nacho kilikuwa na mikwaruzo mingi midogo, si matundu mawili. Hata hivyo niliogopa kwamba anasema hivyo ili mimi nisiuawe. Nikamuuliza kama ana hakika.

"Ningekuwa na shaka," akanijibu, "ningembeba mwenyewe, wewe ungebaki."

Tukakubaliana hivi: akachomoa uzi kwenye shuka yake, akamfunga Shukri kwenye kiwiko cha mkono, legelege. Uzi ukikaza, mkono umevimba, nami nitaondoka naye vyovyote itakavyokuwa. Adhana ya magharibi ikapita, giza likaingia, wakawa hawawezi tena kurudi kwao. Nikawaachia chumba, mimi nikakaa ukumbini. Kila mara Amina alipitisha kidole chini ya uzi, akaniambia kupitia pazia kwamba bado kinapita. Mwishowe nikasikia mtoto anakoroma, nami nikavuta pumzi.

Asubuhi mkono ulikuwa mzima. Yule nyoka nikamtia kwenye debe, nikamwachia mbali kichakani. Niliporudi Amina alikuwa ameshapika chai. Akanimiminia, akanitazama miguuni.

"Usiku kucha hukuvua viatu," akasema.

Nikanywa chai. Tangu siku ile akinisalimu hufungua mlango.

Mama, nisalimie mjomba fundi seremala, na dada Zuhura na watoto wake, na shangazi anayekusomea barua hii; mwambie asiruke mistari. Dua unazoniombea baada ya swala ninazihisi. Katika dua hizo umtie na mume wa Amina, arejee nyumbani salama. Hapa sijasikia mtu akimtaja kwa heri ila mkewe na Shukri.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Salim