Bei Uliyoniachia, Shangazi

Shangazi,

Nimekukasirikia. Nilidhani arobaini ikipita hasira itapoa. Wapi! Imezidi. Nakwambia sasa, maana ulipokuwa hai ukikasirikiwa ulikuwa unacheka tu na kuendelea kuvuta uzi.

Ulinifundisha kila kitu cha mifarishi. Kupanga viraka vya kanga na kitenge, kuchambua pamba mpaka iwe laini, kuijaza bila kuacha vinundu, kushona kwa mkono mistari isiyokwenda upande. Kitu kimoja hukunifundisha: kutaja bei. Mtu akiuliza, wewe, "Toa tu ulichojaliwa, mwanangu." Na watu wa mtaa wetu wa Gongoni wakija kwako walikuwa wamejaliwa kidogo siku zote, hata yule mwenye maduka mawili.

Sasa nimerithi wateja wako, pamoja na fremu ya duka na kodi yake. Nikitaja laki na nusu, mtu anashika kifua. "Laki na nusu? Blanketi la dukani elfu thelathini!" Si ukanunue hilo la dukani, nani kakushika? Lakini hawaendi. Wanakaa kwenye benchi lako wananisimulia wema wako, kwamba marehemu hakuwa na roho kama yangu, kisha wanaondoka mikono mitupu. Mwenye fremu akanipa mpaka mwisho wa mwezi, nilipe au nitoe vitu vyangu.

Halafu huyo mtani wako, Bi Mwanaidi. Alikuwa anaingia anakutukana, nawe unamtukana, mnacheka mpaka machozi, kisha anabeba mfarishi na kuacha hela ya sukari. "Mtani hapangiwi bei!" Nami nimekaa pale nashona, nacheka nanyi. Mjinga mimi. Baada ya msiba akaja na mtindo ule ule. Nikamwambia utani alikuwa nao na wewe, mimi nina kodi. Akanuna, akanitangaza mtaa mzima.

Mwezi huo huo nikaenda Igunga kufuata pamba. Pale stendi, mbele ya duka moja, nikaona mfarishi wako umetundikwa kwenye kamba. Mshono wako nitaujua hata gizani. Nikamuuliza bei dada aliyekuwa anauza. Laki mbili, haipungui. Akasema wasafiri wa Mwanza wanaichukua, na wenye harusi ndio usiseme. "Mama yangu, Bi Mwanaidi, ndiye anayeileta kutoka Tabora. Kulikuwa na bibi huko anashona, masikini, hata thamani ya kazi yake haijui."

Nilirudi Tabora. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanaidi, hata shikamoo sikumpa. Unajua alinijibu nini? "Shangazi yako alijua. Aliniambia niuze tu, nami nile."

Ulijua! Ulijua, ukaendelea kushona mpaka vidole vikavimba. Mimi nakopa unga dukani, wewe unajua. Na siku unafariki ulikuwa umejifunika shuka iliyotoboka, maana hukujibakizia mfarishi hata mmoja. Wema gani huo, Shangazi? Mimi nilikuwa nani kwako? Niliyakumbuka yote hayo nikalia, na sikulia kwa majonzi.

Benchi lako nimeliondoa. Jumamosi nilibeba mifarishi yangu minne nikapanda basi mpaka Igunga, nikatandaza ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lile. Laki mbili, haipungui. Sauti ilitetemeka mara ya kwanza, ya pili haikutetemeka. Yule dada akaniangalia, nami nikamwangalia. Mpaka alasiri ilikuwa imekwisha yote, na kodi nimelipa.

Wa mwisho alinunua mama mmoja anayemuoza binti yake. Aligeuza mfarishi huku na huku, akapitisha kidole kwenye mshono, akalipa bila kuomba apunguziwe. Kisha akaniuliza kazi hii nimefundishwa na nani, maana angependa kumwombea dua.

Nikamwambia nimejifunza mwenyewe.

Sikuweza, Shangazi. Jina lako likitajwa tu, bei inashuka. Lala. Sindano sitaiweka chini, hilo nakuahidi, na hakuna atakayejaliwa tena kwa jasho langu. Siku hasira ikiniisha nitamtafuta yule mama nimwambie ulikuwa nani. Leo bado.

Mwanao,
Hadija