Ochola wa Pili

Kariuki, hutaamini! Chelangat alihamia kwa dadake huko Lokichoggio baada ya mumewe Ochola kumcheka akiimba kanisani. Leo mume karekodi ombi la msamaha kwa kompyuta. Kila neno likajirudia: "Nimekosa... nimekosa!"

Akalaumu mabati ya nyumba. Akajifunika blanketi nne, Kakuma hii, jua hili! Jasho lilijaza beseni, nakuapia. Mwangwi uko palepale. Akatuma hivyo hivyo.

Ndipo Nyamal wa saiba, lile duka la intaneti, akapita. "Mzee, umeacha spika wazi! Maiki inajisikia yenyewe." Akazima. Sauti safi! Ochola akarekodi upya, akatuma tena.

Chelangat akapiga simu: "Huyu wa sasa simtaki. Yule aliyekuwa nyuma yake mara ya kwanza ndiye anajuta kweli. YEYE ndiye aje anichukue."

Yule wa nyuma, Kariuki! Saa hii Ochola anambembeleza Nyamal awashe spika.